Kura Si Oda

Jumapili, jioni. Manyunyu tangu alfajiri, na kuta za chumba changu zinatoka jasho kama kila mwaka msimu huu. Nguo nilizofua Alhamisi bado mbichi. Leo nimevaa sketi yenye unyevu siku nzima, tena mbele za watu, na ndivyo nilivyosimamia kura.

Nimechoka. Silii, wala sijakasirika sana. Kuna jambo limenikaa kifuani na nataka niliandike kabla sijaanza kujitetea.

Tumeshindwa kwa kura nne. Na walioshinda niliwafundisha mimi.

Niandike kwa mpangilio, maana kichwani mpangilio haupo. Umoja wetu wa Watanzania hapa Guangzhou una katiba iliyoandikwa na wanaume watano waliotangulia kuja, enzi ambazo mwanamke akionekana huku basi kamfuata mumewe. Ibara ya tisa inasema mke anaingia kwenye kadi ya mume. Mume akifariki, kadi inamhudumia mjane mpaka eda iishe. Akiachwa, vilevile. Eda ikiisha, si mwanachama tena, na asiye mwanachama hawezi kupakia mzigo kwa jina lake kwenye kontena la pamoja. Hilo ndilo kontena la wafanyabiashara wadogo, wasioweza kujaza la kwao peke yao.

Mimi nina kadi. Unajua kwa nini? Kwa sababu sijaolewa. Nilikuja kusoma, nikaandikwa kama mwanafunzi, kwa jina langu mwenyewe. Nikiolewa na yule kaka wa Dodoma anayepiga simu kila Ijumaa kuuliza nitarudi lini, kadi yangu inafutwa siku hiyohiyo. Nilimweleza, akacheka. Mimi sikucheka.

Shangazi Rukia hana kadi. Si shangazi yangu wa damu. Yeye wa Unguja, mimi wa Morogoro, lakini nilipofika hapa sijui hata kuagiza wali, alinichukua kwake wiki tatu, akanipa kitanda, yeye akalala chini. Mumewe, Mungu amrehemu, alifariki mwaka juzi. Eda ilipokwisha akaenda kupakia madera yake, yale anayoshonesha kwenye karakana za Kangle, akaambiwa aandike jina la mwenye kadi. Tangu hapo madera yanasafiri kwa jina la shemeji yake, Bwana Khatibu. Yakifika Dar yanaingia stoo ya kina Khatibu, na yanatoka wakiamua wao. Mwaka jana madera ya Idi yalitoka baada ya Idi.

Hebu fikiria. Madera ya Idi, baada ya Idi.

Mtu atauliza, si ungempakilia wewe kwa kadi yako? Kadi ya mwanafunzi haipakii mzigo. Na wenye kadi za biashara hakuna aliyetaka kujiingiza kati ya shemeji na shemeji. Shangazi aliniambia siku moja, anakunja kitambaa wala haniangalii, "Msimu mwingine ukinendea hivi, mwanangu, nnafunga virago." Ndilo neno lililonitoa kitandani wiki hizi mbili.

Basi kukawa na kura. Maswali mawili. La kwanza, kamati iwe na kiti kimoja cha mwanamke. La pili, kila mwanamke awe na kadi kwa jina lake, aolewe, aachwe, afiwe, kadi isiguswe. Kamati ilibishana weee, nani apige kura, nani asipige. Mwishowe wakakubali kila mwenye jina daftarini apige, hata kama jina limeandikwa chini ya mume, aliye hai au marehemu. Kisha wakataka mtu wa kuwafundisha watu namna ya kupiga. Nikanyoosha mkono. Kiherehere changu kitaniua siku moja.

Masharti nilisomewa mbele ya watu wote. Nifundishe namna, nisifundishe upande. Na nimfundishe kila mwenye jina, si ninaowapenda tu. Nikasema sawa. Sheria nyingine nikazitunga mwenyewe, nikiringa kabisa: siku ya kura hakuna kufungua mdomo karibu na sanduku, na mafunzo mwisho Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Nilidhani nazuia fitina.

Nimetembea, jamani. Asubuhi soko la Liuhua kwa kina dada wa viatu, wananisikiliza huku mikono imo ndani ya mabegi ya sampuli. Mchana Kangle, kwenye vyumba vya cherehani, ambako lazima upige kelele kuishinda mashine. Laobani mmoja, yaani bosi wa karakana, alidhani nauza kitu, akaanza kunifukuza. Nikamwambia siuzi. Akasema basi nunua.

Maswali niliyoulizwa siyo niliyojiandalia. Nilijiandaa kueleza ibara. Wao wakataka kujua kama karatasi ina namba ya siri, kama mume atajua. Dada mmoja wa Tanga alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Nikitaka kadi yangu, si ataona namtabiria kifo?" Nikacheka. Halafu nikaona yeye hacheki, nikaona aibu.

Alhamisi ndipo nilipoyaona maajabu. Tuliketi kina mama kumi na mbili kwenye karakana anayoshonesha Shangazi, mafundi wameenda kula, nikasema haya, tupige kura ya majaribio. Nilikuwa nimeandaa karatasi kama zile zenyewe: swali, kisanduku cha NDIYO, kisanduku cha HAPANA. Kumi na mbili wote walikuwa wameshaniapia kwamba wanaitaka kadi. Nikakusanya, nikahesabu. Alama kumi za mkasi, zile X, kwenye HAPANA.

Nikawauliza, jamani, kumbe hamuitaki?

Shangazi Rukia akanishangaa. "Tunaitaka, ndiyo maana tumeiua hiyo Hapana."

Mtume! Ilinichukua muda kuelewa. Hawa ni watu wa oda. Laobani anakuletea karatasi yenye picha za mitindo yote, na wewe unapitisha kalamu. Usichokitaka unakipiga alama ya mkasi. Ulichokiacha salama ndicho kitakachoshonwa. Hivyo ndivyo wanavyofanya kila wiki, mwaka hadi mwaka. Kwao kuweka alama juu ya kitu ni kukikataa. Wamepiga mkasi kwenye Hapana kwa moyo mweupe, wakaiacha Ndiyo ibaki safi, ishonwe.

Tatizo ni kwamba kamati ilishaamua alama yoyote ndani ya kisanduku ni kura ya kisanduku hicho. Uchaguzi uliopita watu nusura wapigane juu ya alama ya vema iliyokuwa na mkia mrefu, kwa hiyo safari hii wakasema vema, mkasi, duara, doa la chai, yote kura. Mkasi kwenye Hapana unahesabiwa Hapana.

Nilimpigia katibu palepale. Nikamwomba tuchape karatasi upya, tuongeze mstari mmoja tu wa maelezo. Akanijibu, "Karatasi zimeshagongwa muhuri, dada. Mwalimu si wewe? Fundisha."

Nikafundisha. Kura si oda, unachokitaka ndicho unachokigusa. Niliwaimbisha kama watoto wa chekechea. Ijumaa nikarudi Liuhua nzima, duka kwa duka, hata wale niliokwishawafundisha mwanzo, nikawajaribu upya. Wengi walikuwa na kosa lilelile. Nikawanyoosha mmoja mmoja, na nikawa najisikia mwerevu sana.

Nikapanda treni kurudi. Na humo ndani, nimesimama nimeshika chuma, ndipo wazo likaniingia.

Wanaume nao wanajaza oda.

Kuna godauni ambako makontena yetu yanafungwa kabla ya kupelekwa Nansha bandarini. Pale kuna wanaume tisa wenye majina daftarini, mkubwa wao ndiye Bwana Khatibu. Wote tisa walikwishasema hadharani, bila kificho, kwamba swali la pili hawalitaki. Wakiingia nyuma ya pazia na akili ya oda, wataipiga Ndiyo mkasi waiue. Na itahesabiwa Ndiyo. Tisa.

Nikapitiliza vituo viwili.

Hapa nitasema ukweli, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikajificha uso kwa skafu. Nikaanza kujipa sababu: mvua, mbali, hawakuniita, wao si wajuaji, mbona wanajua kila kitu. Ningefika kwao wangenidharau tu. Na nani angejua? Hakuna ambaye angejua, hata wao wenyewe.

Nililala nalo hilo nikaamka nalo.

Jumamosi asubuhi nikatoa daftari. Mbele ya kila jina kuna nafasi ya kuandika "amefundishwa", na mwisho wa orodha natakiwa kutia saini. Majina tisa yalikuwa hayana kitu. Nikaandika "amefundishwa" kwa jina la kwanza. Likaandikika vizuri tu, wino haukugoma. Nilipofika la pili nikajiuliza: na kama wao ndio wangegundua kosa letu Alhamisi, wakanyamaza, leo ningewaitaje? Nilikuwa na majina mengi ya kuwaita, na hakuna zuri hata moja. Nikafuta. Nikavaa viatu.

Sijisifu. Kama isingekuwa ile saini, sijui.

Godauni walikuwa wanapakia. Bwana Khatibu amekaa juu ya robota la nguo, kikombe cha chai mkononi, anahesabu maboksi kwa sauti. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Ndugu yake alipofariki ni yeye aliyehangaika na karatasi za hospitali na ndege mpaka maiti ikafika Unguja. Ibara ya tisa anaitetea kwa dhati. "Nyumba moja kadi moja," huwa anasema. "Mkianza kugawana kadi, mtagawana na nyumba." Anaamini madera yale anawalindia watoto wa marehemu. Kwamba mama yao anaweza kuyalinda mwenyewe, hilo halimpitii kichwani.

Nikawapa karatasi za majaribio. Wakajaza huku wanataniana. Nikakusanya.

Wanane kati ya tisa walikuwa wameiua Ndiyo.

Nilisimama nazo mkononi, mvua inagonga bati, na nilikuwa na nafasi moja ya mwisho. Ningesema tu "vizuri sana, asanteni, kesho msichelewe", nikaenda zangu. Ningekuwa nimefika, nimefundisha, saini yangu ni halali. Nikasema, "Mmekosea."

Nikawaeleza mambo ya oda. Wakaangua kicheko, wakaanza kuzomeana, mmoja akasema kidogo wajichinje wenyewe. Bwana Khatibu hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaisogeza karatasi karibu na macho. "Kwa hiyo nikitaka ibara ibaki ilivyo, alama naweka wapi?"

Nikaweka kidole changu mwenyewe juu ya HAPANA. "Hapo, mzee."

"Ahsante, mwanangu. Wewe ni mtu wa haki."

Nilimchukia wakati ule. Sijui kama kuna neno jingine.

Magharibi nikaenda kula kwa Shangazi, kama kila Jumamosi. Wali wa nazi, mchuzi wa samaki, na pilipili yake ile ya ndimu. Alikuwa na furaha. Akaniuliza mambo yamekwendaje leo. Nikasema salama. Akaniongezea wali, nikala. Akanionesha kitambaa alichonunua kwa ajili ya Idi hii, kijani chenye maua madogo, akasema safari hii atapakia kwa jina lake, aone linavyoandikwa juu ya maboksi. Nikasema kizuri. Nikaongeza mchuzi.

Leo basi. Kura ilipigwa kwenye chumba cha juu cha mgahawa wa halali, kuanzia asubuhi mpaka baada ya alasiri. Hakuna aliyefungua mdomo karibu na sanduku, nilihakikisha. Watu walikuja na miavuli, wakapanga mstari, wakapita nyuma ya pazia. Shangazi alikuja mapema, kapaka wanja, kavaa dera la kijani, sampuli ya kwanza kabisa ya kitambaa kile cha Idi. Alikaa nyuma ya pazia mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kukohoa.

Kuhesabu hakukuchukua muda. Swali la kwanza lilipita bila taabu, kiti cha mwanamke kipo. La pili likaanguka kwa kura nne. Wangekosea watatu tu pale godauni, tungeshinda.

Mwenyekiti akashukuru, akasifu utulivu. Halafu Bwana Khatibu akaomba kusimama. Nikajua kabla hajafungua kinywa. Akasema, tena kwa nia njema kabisa, "Namshukuru huyu binti. Jana alitufuata mpaka godauni kwenye mvua, akatuonesha kuwa tunakosea. Bila yeye sisi sote tungepiga kura ya kinyume."

Wanaume wakapiga makofi. Upande wa kina mama niliwaona wanahesabu vidoleni.

Mwenyekiti akaendelea, kana kwamba vidole vile hakuviona. Kiti kipya kinahitaji mwanamke mwenye kadi kwa jina lake, akasema. Tupo watatu tu, sote wanafunzi, na wawili wanamaliza chuo wanarudi nyumbani. Vichwa vikanigeukia. Makofi tena. Nimepewa mpaka Ijumaa nijibu.

Kwa hiyo Shangazi kakosa kadi, mimi nimepata kiti. Loo.

Nilimkuta ngazini, anafunga kamba za viatu. Hakuinua uso.

"Godauni ulikwenda jana?"

"Nilikwenda, shangazi."

"Kabla hujaja kwangu?"

"Kabla."

"Ukaja ukala."

Nikasema ndiyo, nilikula. Akasimama, akaufungua mwavuli humohumo ngazini, jambo ambalo siku zote hunigombeza nikilifanya. "Kwenda ungekwenda tu," akasema. "Kwani ungeniambia ningekufunga kamba? Ningegomba, ningelia, basi. Lakini ulininyamazia, ukaniacha nnakuonesha kitambaa."

Akaondoka. Huwa tunapanda treni moja. Nilimwona kwa mbali kwenye mashine za tiketi, nikasubiri apite kwanza, nikapanda inayofuata.

Tangu nimefika hapa natafuta kosa langu liko wapi. Nimelitafuta godauni, sikuliona. Wale tisa wana majina daftarini kama Shangazi alivyo nalo, na kura yao waliitaka iseme wanachosema. Ingekuwa kesho ningekwenda tena, na tena ningemchukia yule mzee. Kosa lilikuwa mezani. Nilitaka niwe mtu wa haki mchana, na jioni bado niwe mtoto mzuri wa Shangazi, nile wali wangu kwa amani. Nilimwogopa. Yeye aliyelala chini kwa ajili yangu, nilimwona hawezi kubeba ukweli wa siku moja.

Nimeisoma katiba upya, mara mbili. Mjumbe yeyote wa kamati anaweza kulirudisha swali lililoanguka, mwaka ukipita. Mjumbe yeyote. Maana yake msimu huu kitambaa cha kijani kitapita tena kwa Khatibu, hilo sina la kulifanya, na sijui kama Shangazi atavumilia mwaka au atafunga virago kama alivyosema.

Ijumaa natakiwa kujibu, lakini jibu silitoi kabla sijamuuliza yeye. Akisema nisikae kwenye kiti kile, sikai. Akisema nikae, nitakaa ubavuni mwa Bwana Khatibu, na swali la pili nitalirudisha mimi.

Kesho asubuhi nakwenda Kangle, mapema, kabla cherehani hazijaanza kelele. Sitamwomba radhi ya godauni, nitamwomba radhi ya ule wali. Akikataa kunifungulia nitakaa ngazini. Mafundi wanaingia saa mbili, na ufunguo wa karakana anao yeye, hapo lazima afungue.